Pembe za Kijani za Hollerberg

28 Machi
Theluji imebaki nyuma ya ghala tu. Nimepanda micheri mitatu, miti ya matunda ya cheri, kwenye mteremko chini ya nyumba, pale marehemu mume wangu alipokuwa akilima viazi. Ni miche ya unene wa kidole gumba. Aliyeniuzia amesema itazaa baada ya miaka minne. Nina miaka sabini na minne. Nimemwambia nitasubiri.

2 Aprili
Mche mchanga ni karamu ya kila mwenye meno. Kwa hiyo leo nimechanganya dawa ya kupaka ya mama yangu: samadi mbichi, chokaa, udongo wa mfinyanzi, damu ya fahali kutoka kwa mchinjaji, na mrututu uliosagwa, ile chumvi ya bluu ya shaba. Mama alikuwa akitia mrututu kijiko kimoja. Mimi nimefundisha kemia na biolojia miaka thelathini na tisa, najua hasa ni kitu gani humo kinachofanya kazi, nami nimetia nusu kilo. Dawa imetoka na rangi ya bahari kwenye ramani ya darasani. Harufu yake siiandiki. Nimepaka miche yote mitatu kutoka chini hadi usawa wa kifua changu. Hakuna mnyama atakayeikaribia.

9 Aprili
Mvua.

11 Aprili
Mkutano wa kwanza wa chama cha wawindaji, kama kawaida katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni. Mimi mwenyewe siwindi tena, lakini daftari la chama liko mikononi mwangu, na kila pembe inayoletwa naikagua mimi: umri, uzito, rangi.

Mwenyekiti wetu Gernot Strohmaier, ambaye huuza matrekta na husema nasi kana kwamba sote tuko ng'ambo ya shamba la maboga, amesoma mgawo wa mwaka. Mzee Vinzenz Lackner, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, amepewa paa dume mmoja, mzee, kutoka dungu la kijitoni, kile kibanda cha juu cha kuvizia.

"Vinzenz," akasema Gernot, "una miaka sabini na tisa. Huoni ungempisha mwingine hilo dungu?"

"Bunduki yangu haijui nina miaka mingapi," akajibu Vinzenz. "Usiiambie."

Watu walicheka, mimi sikucheka sana. Tangu Hermine wake afariki, mwaka juzi, Vinzenz hutoka nyumbani kwa mambo mawili tu: mizabibu yake na dungu lile. Mizabibu ameanza kumwachia mpwa wake.

Kisha nikasoma kanuni. Kifungu cha saba nilikiandika mwenyewe mwaka 1994, baada ya marehemu baba yake Gernot kutuletea pembe alizochemsha kwenye maganda ya kokwa za jozi, nyekundu hata mbwa wa mchinjaji akazibwekea: "Yeyote atakayetia pembe rangi, kwa mkono wake au kwa hila yoyote, atakaa miaka mitatu bila kuwinda wala kushika wadhifa." Kila mwaka nikifika hapo Gernot hukohoa.

19 Aprili
Gome la mcheri wa kwanza limechunwa, urefu wa viganja viwili. Nimeangalia ng'ambo ya ua nikamwona Zenzi, mbuzi wa jirani yangu Burgi, akinitazama huku akitafuna. Nimekwenda.

"Burgi, mbuzi wako amekula mcheri wangu."

"Zenzi? Zenzi hali kitu kinachonuka namna ile. Mimi mwenyewe nikianika nguo nazianika upande wa barabarani."

"Gome limechunwa, Burgi."

"Basi muulize aliyelichuna, jirani."

Nimepaka tena, nene zaidi.

24 Aprili
Kuku ametaga chini ya baiskeli.

6 Mei
Vinzenz amekuja na chupa, akavua kofia mlangoni, akakaa jikoni kimya mpaka nikajua kuna jambo.

"Mwalimu, nimemwona paa mwenye pembe za kijani."

"Kijani cha namna gani?"

"Kijani tu. Kama kuba la mnara wa kanisa."

"Ulikuwa umekunywa glasi ngapi?"

"Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Mwalimu. Hata mimi nina mipaka."

Nimemweleza. (Siwezi kumwambia mtu jambo bila kumweleza, hata daftari hili linajua.) Paa wetu huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine ndani ya ngozi laini yenye manyoya. Ngozi ile inapokauka, katika majira ya kuchipua, paa huichuna kwa kujisugua kwenye miti, na mfupa unaotoka chini yake ni mweupe kama sahani. Rangi yote hutoka nje: damu ya ile ngozi, utomvu wa gome, udongo. Akisugua kwenye miti ya mtoni, ile inayotoa maji mekundu ukiikata, pembe huwa na wekundu. Akisugua misonobari, lami yake huzifanya nyeusi. Ukimfuga mahali pasipo na mti hata mmoja, zitabaki nyeupe. Na ile mistari mnayoiona mirefu si michoro ya shetani, ni mifereji ya mishipa iliyoilisha pembe ikikua. Rangi hujikusanya humo.

"Kila paa ameandika kichwani alikosugua," nikamwambia. "Na msituni kwetu hakuna mti wa kijani kibichi ndani. Ulichokiona ni mwanga wa alfajiri ukipita kwenye majani mapya."

Vinzenz akafikiri. "Majani yalikuwa nyuma yangu."

"Basi ni ukungu wa majini, ule uteute wa kijani. Paa amelala kwenye dimbwi."

"Sawa, Mwalimu," akasema, akanimiminia glasi. Ndivyo wanafunzi wangu walivyokuwa wakisema walipokuwa hawajakubali.

14 Mei
Mcheri wa pili. Nimepaka tena, nene zaidi.

22 Mei
Habari imefika nyumba ya wageni. Sasa Vinzenz akiingia tu watu humuuliza kama ameona na sungura wa bluu. Gernot amemwagizia juisi ya matofaa bila kumuuliza. Burgi peke yake amemtetea: anasema naye alimwona paa huyo alipokuwa akianika, na amempa jina, Kasuku. Utetezi wa Burgi haukumsaidia. Burgi ndiye aliyeona sura ya Mtakatifu Barbara kwenye chapati ya maboga.

3 Juni
Mvua ya mawe, ndogo. Maboga yamepona.

15 Juni
Gernot ameniomba nitoe hotuba fupi chamani ili jambo la Kasuku liishe. Nimetoa. Ilikuwa na kichwa: "Nini huzipa pembe rangi na alama." Nilipeleka pembe kumi na mbili za ukutani kwangu pamoja na kipande cha gome la kila mti. Niliwaonyesha pembe zilizookotwa zenye mistari midogo sambamba, wakasema ni kisu. Nikawaeleza kuwa ni meno ya panya, kwa maana panya hutafuna pembe iliyoanguka ili apate chokaa. Niliwaonyesha ncha nyeupe zinazong'aa: paa akisugua, ncha hupukutika rangi kama kiwiko cha koti kuukuu. Kwa hiyo, nikasema, pembe yenye ncha nyeusi imetiwa rangi na binadamu. Gernot alikohoa.

Nilizungumza dakika hamsini. Mchinjaji alisinzia mwanzoni, lakini aliamka kwenye panya.

Mwishoni Vinzenz aliinua mkono kama mtoto wa darasa la pili. "Na kijani, Mwalimu?"

"Kijani hakipo, Vinzenz."

"Lakini nimemwona tena jana."

Chumba kizima kilicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

2 Julai
Mcheri wa kwanza tena, mpaka kwenye mti wenyewe. Nimempelekea Burgi kipande cha gome kama ushahidi. Amekiweka mezani, akakinusa, akaniuliza kama nataka kahawa. Ameahidi kumfunga Zenzi kamba. Nimepaka tena, nene zaidi. Ndoo ya pili sasa.

29 Julai
Majira ya madume kuwafukuza majike. Vinzenz ameketi dunguni alasiri nzima akipuliza jani la mti midomoni kumwigiza jike. Nilimsikia nikiwa bustanini. Anamwigiza vizuri kuliko jike mwenyewe. Jioni amepita kwangu.

"Alikuja, Mwalimu. Hatua thelathini."

"Mbona sikusikia mlio wa bunduki?"

"Alikuwa anakojoa. Nikaona si adabu. Alipomaliza, akaondoka."

"Na pembe?"

"Kahawia," akasema, ili tusigombane.

11 Agosti
Joto. Zenzi kafungwa; nimemwona kwa macho yangu. Hata hivyo mcheri wa tatu umechunwa. Yule mbuzi hujifungua, hula, kisha hujifunga tena. Nimewahi kufundisha watoto wasio na akili hiyo. Nimepaka tena.

25 Agosti
Lori la mnunuzi wa mifugo limeziba barabara nusu saa nzima. Nimekosa mkate.

4 Septemba
Mcheri wa pili. Nimebisha kwa Burgi, hayupo, amekwenda kwa binti yake. Nimemwachia karatasi mlangoni yenye maneno mawili: "Zenzi tena." Nimepaka, nene zaidi.

17 Septemba
Mcheri wa kwanza na wa tatu, usiku mmoja! Nimepaka. Mikono yangu ni ya bluu mpaka kwenye viwiko, na kanisani watu wamenipisha benchi zima.

26 Septemba
Nakwenda Graz kwa dada yangu, anafanyiwa upasuaji wa jicho. Siku kumi.

6 Oktoba
Nimerudi. Dada anaona vizuri mno. Ameanza na vumbi langu. Kijiji kizima kina habari moja: tarehe 28 alfajiri Vinzenz amempiga paa wake mzee, risasi moja. Alimwekea kitawi mdomoni, tonge la mwisho la heshima, akachomeka kingine kofiani, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpongeza alijipongeza mwenyewe kwa sauti. Mchinjaji alipokea mwili bila kichwa, kama ilivyo desturi. Kichwa Vinzenz alikichemsha nyumbani katika sufuria ya kufulia ya marehemu Hermine. Hajamwonyesha mtu. Anasema wa kwanza kuziona pembe hizo ni mimi.

8 Oktoba
Lazima niandike siku hii kwa utaratibu.

Ukaguzi wa pembe ulianza saa tisa, mimi, Gernot na mchinjaji mezani, wanachama wengine ukutani. Vinzenz aliingia wa mwisho, kofia kichwani na kitawi kimekauka, na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha meza cha harusi yake. Akakiweka mbele yangu. Akafungua polepole.

Zilikuwa za kijani.

Si kijani cha ukungu wa majini. Kijani cha kuba la kanisa, kimejaa mifereji yote, kinapauka kuelekea juu, na ncha nyeupe. Vinzenz alisimama wima kama anapigwa picha.

"Nilisema," akasema.

"Ulisema tangu Mei," akajibu Gernot. "Ndiyo maana umepata muda wa kujiandaa."

Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu Vinzenz hakucheka. Gernot akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye elimu. Asili au rangi?"

Mimi nilikuwa na chupa ya amonia mkobani, huenda nayo kila ukaguzi tangu 1994. Nikachovya pamba, nikasugua ndani ya mfereji mmoja. Pamba ikageuka bluu nzito, nzuri, ile ambayo darasa la nne lilikuwa likiipigia makofi.

"Shaba," nikasema. "Huu ni mrututu."

"Na nani hapa," akauliza Gernot, "ana gunia la mrututu ghalani kwa ajili ya kunyunyizia mizabibu?"

Sikuwa na haja ya kujibu, lakini nilijibu, kwa kuwa nimezoea kujibu. Nilieleza kwamba msituni hakuna mrututu. Nilieleza kwamba haudondoki kutoka mbinguni. Mchinjaji akauliza kuhusu zile ncha nyeupe, je, si mimi niliyefundisha kwamba ncha nyeupe ni za asili? Nikasema, "Aliyesikiliza hotuba hujua pa kusugua." Watu waliniitikia kwa vichwa. Nilijiona mwerevu.

Vinzenz alitoa mfukoni ufunguo wa ngazi ya dungu, akauweka mezani juu ya kitambaa cha harusi. Miaka mitatu kwa mtu wa miaka sabini na tisa ni nini, kila mmoja alijua, na hakuna aliyehesabu kwa sauti. Kisha akaniambia mimi, si Gernot:

"Mwalimu, ulisema kila paa ameandika kichwani alikosugua. Basi soma."

Akatoka. Kofia aliivua mlangoni, akaiacha msumarini.

Nimetia saini. Hukumu itasomwa mbele ya wote tarehe 3 Novemba, siku ya Mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji.

13 Oktoba
Mvua.

16 Oktoba
Vinzenz hakuja na chupa, na leo ni siku yake ya kunitembelea.

20 Oktoba
Ukungu. Micheri haijaguswa tangu nirudi. Burgi hatimaye ametia akili.

23 Oktoba
Madirisha ya Vinzenz yamefungwa mbao mchana. Mpwa wake amekamua zabibu peke yake. Nimempelekea Vinzenz supu, nikagonga; nilisikia kiti kikisogea, lakini mlango haukufunguliwa. Nimeiacha kizingitini. Jioni bakuli lilikuwa palepale, supu imeonjwa na paka, na paka hakuipenda.

Nimejiambia kwamba kanuni ni kanuni. Sijui kwa nini nimelazimika kujiambia mara mbili.

1 Novemba
Siku ya Watakatifu Wote. Alasiri tulikuwa makaburini sote, na mishumaa na maua, tukimsubiri padri. Kaburi la mume wangu na la mama yake Burgi yanapakana. Nikaona ni siku njema ya kumaliza ugomvi.

"Burgi," nikamnong'oneza, "nakushukuru. Tangu nirudi kutoka Graz micheri yangu haijaguswa. Umemfunga Zenzi vizuri."

Burgi akageuza kichwa. "Zenzi gani?"

"Mbuzi wako."

"Jirani, Zenzi nilimuuza Agosti. Siku ile ya lori. Yuko Hartberg, ana wana wawili."

"Lakini mwezi wa tisa..."

"Niliiona karatasi yako mlangoni, 'Zenzi tena.' Nikadhani umemkumbuka. Nikalia."

Padri alianza sala. Sikusikia neno. Nilikuwa nikihesabu: tarehe 4 Septemba. Tarehe 17 Septemba, miche miwili usiku mmoja. Na tangu tarehe 28 Septemba, hakuna.

"Una nini, jirani?" Burgi akanong'ona. "Umekuwa na rangi ya Kasuku."

2 Novemba
Nilisubiri pakuche, nikashuka mteremkoni na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikapiga magoti.

Gome limechunwa kwa urefu wa goti hadi paja. Juu na chini ya jeraha limening'inia nyuzinyuzi. Meno ya mbuzi hukata, hayaachi nyuzi. Zinazoacha nyuzi ni pembe zinazosugua juu na chini. Kwenye utomvu zimenata nywele nne, fupi, za kijivu. Chini yake ardhi imeparuliwa kwa kwato, kama wafanyavyo madume wenye eneo lao. Haya yote niliyafundisha miaka thelathini na tisa, kwa picha ubaoni, na kila mwaka yalikuwa kwenye mtihani.

Nikachovya pamba kwenye amonia, nikagusa jeraha la mcheri. Bluu.

Kisha nikaingia ndani, nikasoma daftari hili tangu mwanzo. Dawa yangu haikumfukuza paa hata siku moja. Kitu kigeni kinachonuka, juu ya mche mwembamba, katikati ya eneo lake: alikichukia kama mpinzani. Kila alipokisugua, nilimwandalia kingine, nene zaidi. Hakuna paa katika nchi hii aliyehudumiwa kwa uaminifu namna ile.

Naandika na jambo hili pia, maana daftari lisiloandikwa aibu ni kalenda tu. Mpaka saa sita mchana nilikaa na wazo la kunyamaza. Hakuna anayejua. Mvua mbili zingeosha miche. Nina miaka sabini na minne, na kitu pekee nilichonacho Hollerberg ni kwamba nikisema jambo, liko hivyo. Nikamimina kahawa, na nilipoinua kikombe nikaona ng'ambo ya kijito madirisha yale yamefungwa mbao, mchana kweupe.

Nimekuwa nikitoa alama maisha yangu yote. Hii nayo ina alama yake.

3 Novemba
Baada ya misa tulijaa chumba cha nyuma. Pembe zote za mwaka zilikuwa ukutani juu ya vibao, kila moja na duara la karatasi, la kijani kwa aliyepiga mnyama sahihi, jekundu kwa aliyekosea. Za Kasuku zilikuwa mezani, zimefudikizwa, hazina duara, na ufunguo wa dungu kando yake. Vinzenz alikuwapo, nyuma kabisa karibu na jiko, kichwa wazi. Burgi alikuwa amekwenda kumtoa nyumbani. Alimwambia akikataa atamlilia mlangoni mpaka Krismasi.

"Mwalimu Pirker," akanguruma Gernot, "atasoma hukumu."

Nikasimama na daftari, lakini si la chama. "Tarehe mbili Aprili," nikasoma. "Mche mchanga ni karamu ya kila mwenye meno."

"Mwalimu, hiyo siyo..."

"Kaa, Gernot." Alikaa. Nilimfundisha darasa la tatu hadi la nne.

Nikasoma samadi, chokaa, damu ya fahali, nusu kilo ya mrututu. Nikasoma "Hakuna mnyama atakayeikaribia." Nikasoma tarehe 19 Aprili, na 14 Mei. Kufika "Nimepaka tena, nene zaidi" ya tatu, mchinjaji alianza kutikisika mabega. Kufika mbuzi anayejifungua na kujifunga tena, chumba kilikuwa kinapiga meza, na wengine walikuwa wakisema pamoja nami, kwa kiitikio, "Nimepaka tena!" Burgi alilia kwa kicheko na kwa ajili ya Zenzi. Mimi nilisoma mpaka mwisho, pamoja na zile ncha nyeupe, pamoja na "Nilijiona mwerevu", pamoja na asubuhi ya jana. Nikaweka mezani kipande cha gome kando ya pembe, na pamba mbili za bluu.

Kicheko kilipotulia, Gernot akasema, "Ngoja nielewe. Paa alijipaka rangi mwenyewe?"

"Hapana, mwenyekiti. Nilimpaka mimi. Yeye alisogeza kichwa tu."

Kisha nikamgeukia Vinzenz, na haya sikuwa nimeyaandika. "Uliniambia nisome. Ilikuwa imeandikwa anwani yangu. Paa aliibeba kichwani majira yote, mbele ya dungu lako, na wewe peke yako uliisoma. Naomba radhi. Kwa Mei, kwa Juni, na kwa tarehe 8 Oktoba."

Kutoka kona nyingine Burgi akasema, "Na kifungu cha saba?"

Gernot akalivuta daftari la chama, na kwa mara ya kwanza tangu 1994 akakisoma kifungu kile bila kukohoa, tena akikionja: "'Kwa mkono wake au kwa hila yoyote.' Haisemi pembe ziwe za paa hai au mfu. Nani aliandika hii?"

"Mimi," nikasema.

"Imeandikwa vizuri sana," akasema Gernot. "Miaka mitatu bila wadhifa."

Wengine walianza kunung'unika kwamba ni kali mno kwa mwanamke wa umri wangu. Hapo Vinzenz akainuka. Alikuja mbele taratibu, akachukua ufunguo wake mezani, kofia yake msumarini, akaivaa.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Miaka mitatu, Mwalimu. Nitakuja kwako kila Jumapili na chupa, nitakuletea pembe za kila namna, nyeusi, nyekundu, zenye meno ya panya. Utazitazama. Na hutaruhusiwa kueleza chochote."

Makofi yalikuwa mengi kuliko yale ya hotuba yangu ya Juni.

Mchinjaji alibandika duara la kijani kwenye kibao cha Kasuku, na jekundu, kwa heshima zote, kwenye kola ya koti langu. Ikabaki kadi ya kujazwa, ile niliyoibuni mwenyewe: umri, uzito, aliyepiga, rangi. Mstari wa mwisho unauliza: "Sababu ya rangi isiyo ya kawaida." Vinzenz akanipa kalamu.

Nimeandika: "Mimi."

4 Novemba
Nimeosha ndoo. Saa nne Gernot amekuja kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alizungumza kwa sauti ya chini. Ana miche ya mipea upande wa msitu, akasema, na alikuwa akijiuliza tu, si kwa nia yoyote, kipimo cha mrututu kilikuwa kiasi gani hasa, na hupakwa mwezi gani.

Nimemwambia ningefurahi sana kumweleza, lakini nimefungiwa.